Asiyeona na Makomisioneri Wake

Mhadhara kwa walimu, wauguzi na wahudumu wa afya wa vijiji, Kivu Kaskazini



Nimeombwa kuzungumzia teknolojia mpya na watu waliopoteza uwezo wa kuona, huku kwetu Masisi na Walikale. Mada hii ina mtego wake. Msemaji huanza na miwani inayoongea, fimbo inayotetemeka na kompyuta inayosoma vitabu. Watu wanashangaa, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani, na yule mzee asiyeona amekaa palepale walipomwacha asubuhi. Mimi nitaanza na komisioneri.

Hakuna asiyemjua komisioneri hapa. Ukipeleka ng'ombe sokoni Sake, au ukishuka na kifuko cha koltani kutoka Rubaya, mnunuzi humwoni uso kwa uso. Unakutana kwanza na mtu wa katikati anayejua bei, anayejua lugha ya mwenye pesa, na anayekata chake. Si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mtu mwema, na pasipo yeye biashara haitembei. Shida ni kwamba huwezi kujua amesema nini upande wa pili. Basi mtu asiyeona ana makomisioneri wa namna hiyo katika kila jambo: wa kumsomea barua, wa kumhesabia noti, wa kumbonyezea namba ya siri ya M-Pesa, wa kumshika mkono hadi kituo cha afya, wa kumsemea mbele ya muganga. Ni mwanawe, ni mjukuu, ni jirani. Kwa hiyo kila kifaa nitakachokitaja leo nitakiuliza swali moja: kinamwondoa komisioneri gani, na je, hakimleti mwingine kwa mlango wa nyuma?

Tuanzie mtoni. Walikale ni nchi ya maji. Lowa inapita humo, Oso inateremka kutoka milima ya Masisi, na kila mahali maji yanapokimbia juu ya mawe wanazaliana inzi wadogo weusi wenye kibiongo, wanaouma mchana. Inzi huyo akimuuma mtu mwenye onkoserkosi, upofu wa mtoni, huchukua vijinyoo vichanga, na baada ya siku kadhaa humpandikizia mtu mwingine. Mnyoo mkubwa hujificha chini ya ngozi ndani ya kinundu kigumu, hasa nyongani na mbavuni, na huweza kuishi miaka 10 hata 15. Muda wote huo jike huzaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, vinavyotambaa ndani ya ngozi. Ndivyo vinavyowasha mtu usiku kucha hata ajikune kwa gunzi la mahindi. Ndivyo vinavyoingia jichoni. Vikifia humo, mwili hupigana na mizoga yake, na makovu ya vita hiyo huziba kioo cha jicho polepole. Ugonjwa ukishaula mshipa wa nyuma ya jicho, hakuna daktari wa Goma wala wa Ulaya atakayeurudisha.

Teknolojia kubwa ya kwanza ya macho kufika Masisi na Walikale haikuwa na waya wala betri. Ilikuwa kidonge. Wafugaji mliopo hapa mnaijua ivermectin kwa sindano ya ng'ombe, na kweli ilianza kuuzwa kama dawa ya mifugo, mwaka 1981. Chanzo chake ni kiumbe mdogo wa udongoni aliyepatikana Japani na Satoshi Ōmura. William Campbell, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Merck, akaonyesha nguvu yake dhidi ya minyoo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 1987 Merck ilitangaza kuitoa bure dhidi ya onkoserkosi, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wowote, kwa jina la Mectizan. Mwaka 1995 ukaanzishwa mpango wa Afrika wa kupambana na ugonjwa huu, ule uliojulikana kama APOC, ukaendelea hadi 2015. Mpango huo uliigawa nchi yetu katika miradi, na mmojawapo ulibeba majina ya teritwari zetu mbili pamoja: Masisi-Walikale.

Wale waliogawa dawa hizo wanaikumbuka ile fimbo. Kwa kawaida dawa hupimwa kwa uzito wa mtu, lakini mizani ya kuaminika utaibebaje kutoka Kibua hadi kijiji cha ndani ya msitu? Basi wataalamu walikaa, wakalinganisha uzito na urefu, wakachora alama kwenye fimbo. Mtu anavua kofia, anasimama wima, visigino vikigusa ukuta. Asiyefika sentimita 90 hapewi. Anayevuka 90 anapata kidonge kimoja, akivuka 120 viwili, akivuka 140 vitatu, na mtu mzima mrefu vinne. Mjamzito hapewi, wala mama aliyejifungua wiki hiyo. Mgawaji si muuguzi. Ni mtu aliyechaguliwa na wanakijiji wenzake. Anaandika jina daftarini, anamtazama mtu akimeza, anaita mwingine. Mnaona kilichotokea? Fimbo yenye alama chache imemwondoa katikati muuguzi, mizani, na safari ya kilomita 30. Nimesoma mengi kuhusu vifaa vya kisasa na sijaona kilichobuniwa kwa akili kuliko fimbo ile.

Lakini ivermectin ina udhaifu wake: inaua vijinyoo, mama yao haimuui. Akishapumzika, anaanza kuzaa tena. Ndiyo maana dawa inarudiwa kila mwaka, miaka kumi na zaidi, mpaka mnyoo mkubwa afe kwa uzee, na ndiyo maana wengi wa kijiji lazima wameze, si mmoja mmoja. Sasa niambieni, ni kijiji gani cha Masisi au Walikale kilichokaa mahali pamoja miaka kumi na mitano? Watu wa Nyabiondo wamekimbia na kurudi, wa Pinga wamekimbia na kurudi, wengine wamefika kambini Goma na kufukuzwa tena. Kijiji kikikimbia, daftari linabaki. Mtu anakosa mwaka huu, anakosa mwaka ujao, na inzi wa Oso hawajui kwamba kuna vita.

Hapo ndipo dawa mpya, moxidectin, inapokuwa habari ya kwetu hasa. Ilijaribiwa Ghana, Liberia, na hapa Kongo, katika Kivu Kaskazini na Ituri, kwa watu karibu 1,500. Kila mmoja alipewa dozi moja, ya moxidectin au ya ivermectin, bila kujua ni ipi, kisha vipande vidogo vya ngozi yake vikachunguzwa kwa hadubini baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka. Waliomeza moxidectin walikutwa na vijinyoo vichache zaidi kwa mbali, na hali hiyo ilidumu. Marekani iliiidhinisha Juni 2018. Kwa mtu anayekaa kwake kwa amani, tofauti hiyo ni nzuri. Kwa mtu asiyejua mwakani atalala wapi, dozi inayoshika kwa muda mrefu ni kitu kingine kabisa. Na kwa kuwa ngozi zilizokatwa zilikuwa za watu wa mkoa huu, nadhani tuna haki ya kuuliza kwa sauti tutaipata lini, na kwa wingi gani. Niger ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2025 kuwa imeumaliza ugonjwa huu, nchi ya kwanza Afrika. Niger nayo ni maskini.

Kuna jambo moja zaidi la msituni. Katika misitu ya Afrika ya Kati yupo mnyoo mwingine, loa, yule anayeonekana wakati mwingine akipita juu ya jicho. Mtu mwenye loa wengi mno damuni akimeza ivermectin anaweza kuzimia, hata kufa, na hofu hiyo ndiyo iliyofanya vijiji vingi viikimbie dawa. Kumpima kulihitaji fundi wa maabara, hadubini, na umeme, saa za mchana ambapo loa huwa damuni. Kundi la Daniel Fletcher wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, liliunganisha simu na kisanduku kidogo chenye lenzi. Unachoma kidole, damu inaingia katika kijitundu chembamba cha kioo, simu inapiga video ya sekunde chache. Ujanja wake ni huu: simu haihangaiki kulitambua umbo la mnyoo. Inatazama mtikisiko. Chembe za damu zimetulia, mnyoo anapinda-pinda na kuzisukuma, na programu inahesabu misukosuko hiyo. Dakika chache, jibu liko tayari. Mwaka 2015 kifaa hicho kilitumika wilaya ya Okola, Kamerun, kwa watu zaidi ya 16,000. Wachache waliokutwa na loa kupita kiasi, kama wawili katika kila mia, hawakupewa ivermectin. Karibu wengine wote walimeza, na hakuna aliyepatwa na madhara makubwa ya ubongo. Hiyo ndiyo simu ninayoipenda. Haimwambii asiyeona kuna nini mbele yake. Inamzuia jirani yake asifike huko.

Nimekaa mtoni muda mrefu kwa makusudi, maana upofu huo haurudi nyuma. Mtoto wa jicho ni hadithi nyingine: ule ukungu mweupe ndani ya jicho la mzee hutolewa kwa upasuaji mfupi, na lenzi ndogo ya bandia ikawekwa mahali pake. Zamani lenzi hiyo iliuzwa zaidi ya dola 100. Tangu mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab huko Madurai, India, kimeishusha hadi dola chache tu. Ujuzi upo, lenzi ipo. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mgonjwa kwa mpasuaji, na wapasuaji wa macho wa nchi hii wengi wao wako Kinshasa.

Majirani zetu wamejaribu mawili yanayofaa kusikilizwa. Kenya, katika kaunti ya Trans Nzoia, walimu wa shule 50 walifundishwa kupima macho ya wanafunzi. Katika nusu ya shule hizo walitumia simu yenye programu ya Peek, iliyoanzishwa na daktari Andrew Bastawrous baada ya kazi yake Nakuru. Simu inaonyesha herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto au kulia. Mtoto ananyoosha mkono kuonyesha miguu ya herufi imeelekea wapi, mwalimu anatelezesha kidole upande huohuo bila hata kutazama skrini. Watoto zaidi ya 20,000 walipimwa. Lakini herufi E si mpya. Shule nyingine zilikuwa nayo kwenye karatasi. Kilicholeta tofauti ni kilichofuata: simu ilitoa picha ya darasa kama mtoto yule anavyoliona, lote ukungu, kisha ikamtumia mzazi ujumbe, na ikamkumbusha tena. Katika shule za Peek, watoto 54 kati ya kila 100 waliotakiwa kwenda kliniki walifika. Katika shule za karatasi walifika 22. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Rwanda walifanya kitu cha aina hiyo kwa wagonjwa wa kisukari. Daktari Wanjiku Mathenge na wenzake walipiga picha za ndani ya jicho, na nusu ya wagonjwa wakapewa jibu palepale na kompyuta yenye akili bandia, wengine wakasubiri siku kadhaa mtu azisome picha. Waliopata jibu palepale walikwenda hospitali kwa wingi zaidi, kama 52 kwa mia dhidi ya 40. Kompyuta haikuona vizuri kuliko binadamu. Iliondoa zile siku za kungoja, na kila siku ya kungoja ina komisioneri wake: nauli, mvua, mahari ya binti, shamba.

Walakini Trans Nzoia kuna barabara. Tangu Goma ichukuliwe mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege ufungwe, ujumbe wa simu unaomwambia mama wa Nyabiondo "mlete mtoto mjini" ni rahisi kuandika, na njia ya kuutii ina mapigano, barieri, na motari anayetaka pesa ya mwezi mzima. Simu haiondoi barieri. Inachoweza kufanya ni kuhesabu. Reko, mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye simu ya kupimia anaweza kukusanya majina ya wazee 60 wenye mtoto wa jicho kati ya Mweso na Kitshanga, na orodha hiyo ndiyo hoja ya kumleta mpasuaji kwao kwa wiki moja, badala ya wazee 60 kumfuata yeye mmoja mmoja. Daktari hapandi gari kwa ajili ya fununu.

Mawili nayapitia haraka. Surua na ukosefu wa vitamini A bado vinapofusha watoto wetu, na dawa yake ni chanjo na tone la vitamini. Tafadhali, mtu asije hapa na programu ya simu kuhusu hilo. Na si kila asiyeona vizuri ni kipofu: mwalimu wa miaka 45 anayesogeza kitabu mbali, fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi, mama anayeshindwa kuchagua mawe katika maharage, hao wanahitaji miwani ya kusomea ya bei ndogo, iuzwe sokoni kama sabuni.

Sasa nije kwa wale ambao hawataona tena. Kwao kitu cha kwanza kinachopotea pamoja na macho ni siri. Barua ya mwanao aliyeko Kampala inasomwa na jirani, na jirani anajua sasa umetumiwa dola ngapi. Karatasi ya maabara inasomwa na shemeji. Ninapopima teknolojia ya watu hawa natazama hapo.

Chukueni dola. Huku kwetu tunauza ng'ombe kwa dola, tunalipa nyumba kwa dola. Franka ukiizoea unaweza kuipanga mfukoni, lakini noti za Marekani, ya 1, ya 20 na ya 100, zote zina upana uleule na urefu uleule. Vidole haviambii kitu. Wasioona wa Marekani wenyewe waliishtaki wizara yao ya fedha, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubali kwamba wananyimwa haki. Baadaye serikali yao ikaanza kuwagawia bure kifaa kidogo cha kutambua noti. Mama wa Mweso anayeuza maharage kwa noti hizohizo hayumo katika mgao huo. Zipo leo programu za simu zinazotambua noti kwa kamera bila intaneti: unashika noti mbele ya simu, inataja "dola ishirini". Hesabu hiyo ikipita masikioni mwako peke yako, komisioneri mmoja ameondoka. Kuhusu ile mipasuko midogo ambayo wafanyabiashara wetu huikataa noti kwa sababu yake, simu haisemi neno; hapo vidole vya asiyeona vinamshinda anayeona.

Simu yenyewe inaongea. Simu nyingi za Android, hata zile za dola 50, zina programu ya TalkBack ndani yake tayari. Ukiiwasha, mguso mmoja haufungui kitu. Simu inataja tu kilichopo chini ya kidole. Unatelezesha kidole, inasoma, unatelezesha, inasoma, na ukifika unapotaka unagonga mara mbili. Kwenye kompyuta ipo NVDA, programu ya kusoma skrini, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh, na haiuzwi. Kwa hiyo tatizo la pesa, lile tunalolitaja kwanza, si kubwa kama tunavyodhani. Makubwa ni mengine.

La kwanza ni menyu ya pesa ya simu. Ile ya nyota na reli ilitengenezwa kwa mtu mwenye macho mepesi. Simu inasoma: moja, kutuma pesa, mbili, kutoa pesa, tatu... na kabla haijafika saba kikao kimekatika, uanze upya. Ukifika kwenye namba ya siri, dirisha hilo mara nyingi halijui kwamba hizi ni namba za siri, na simu inazitangaza moja baada ya nyingine mbele ya duka zima, isipokuwa una vifaa vya kusikilizia masikioni. Kampuni zinaweza kurekebisha hili bila uvumbuzi wowote: waongeze sekunde, waweke njia ya kupiga namba na kusikiliza. Haliwagharimu mnara mmoja.

La pili ni lugha. Sauti ya Kiswahili ipo katika Android, na Microsoft wana sauti nne, mbili za Kenya na mbili za Tanzania. Zinasema vizuri, kwa lafudhi ya mbali na Sake. Kinyarwanda kimepata bahati: watu wa Rwanda walijitolea kurekodi zaidi ya saa 2,000 za sauti kwa mradi wa wazi wa Mozilla. Kihunde na Kinyanga havimo katika orodha ya sauti za simu zetu. Tena shule zetu ni za Kifaransa. Mwanafunzi asiyeona akifungua somo la Kifaransa wakati simu imewekwa Kiswahili, anasikia maneno yaliyosagwa hata mwalimu wake hawezi kuyatambua. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi huyo kubadili sauti kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, jambo la dakika moja, amemfanyia zaidi ya msaada wa mtu atakayeleta kompyuta bila kuonyesha hilo.

La tatu ni akili bandia, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo. Tangu mwaka 2015 kuna huduma ya Be My Eyes, iliyobuniwa na Mdenmark Hans Jørgen Wiberg: asiyeona anapiga simu ya video, na mtu wa kujitolea mahali popote duniani anamwambia anachokiona. Huyo ni komisioneri, lakini wa aina bora, kwa sababu hamjui shemeji yako. Mwaka 2023 wakaongeza mashine: unapiga picha ya barua, mashine inaisoma na kuieleza, hata ikikutafsiria kwa Kiswahili. Ajabu kweli. Ila mashine hiyo ni komisioneri anayejibu kwa uhakika uleule anapojua na anapobahatisha. Kwa barua ya padri, sawa. Kwa chupa ya dawa, ipigwe picha mara mbili, na mtu mwenye macho asome pia. Na yote hayo yanataka intaneti, ambayo katika sehemu kubwa ya Walikale inapatikana ukipanda kilima. Starlink ilipewa leseni nchini mwaka 2025. Tutaona itamfikia nani.

Nasema jambo moja kuhusu miwani yenye kamera, maana vijana huniuliza. Kwa mtu wa Nairobi inaweza kuwa baraka. Kwa mtu anayepita barieri nne kati ya Sake na Masisi, mbele ya watu wenye bunduki wasiopenda kupigwa picha, kamera usoni ni hatari, na maelezo kwamba "hii inanisaidia kuona" yatachelewa. Huko fimbo nyeupe inatosha, na ina faida kwamba kila mtu anaielewa. Fimbo zenye mawimbi ya sauti, kama ile ya chuo cha IIT Delhi, hugundua tawi lililoinama usawa wa kifua, ambalo fimbo ya kawaida hailioni. Lakini matope ya Masisi baada ya mvua bado yanapimwa kwa ncha.

Kuna kejeli ambayo sitaki kuipamba sana. Tantalumu ya koltani ya Rubaya hutengenezea vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu; bati la Bisie, pale Walikale, huunganisha nyaya zake. Rubaya pekee imekadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalumu ya dunia. Na wachimbaji wa pande zote mbili hupasua mawe bila miwani ya kinga, vipande vinawaruka machoni. Miwani hiyo ni plastiki.

Sheria tunayo. Kongo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya msingi namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda na kuwaendeleza. Nakala yake chifu anaweza kuiomba. Lakini sheria nayo imeandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi, na anayelindwa nayo lazima asomewe.

Kwa hiyo kabla ya maswali, toeni simu zenu, zile za kugusa. Ingieni Paramètres, tafuteni Accessibilité, kisha TalkBack, muiwashe. Itaanza kusema. Mguse skrini kwa kidole kimoja, msikilize, mgonge mara mbili. Sasa fumbeni macho mjaribu kufungua menyu ya M-Pesa mpaka salio. Mkishindwa, andikeni ilipokatika, hatua ya ngapi, kwa kampuni gani; karatasi hizo nitazikusanya mlangoni na kuzipeleka kwao. Kuizima ni kurudi njia ileile, ila msisahau kugonga mara mbili, la sivyo simu itawasomea mpaka nyumbani. Waliokaa nyuma ndio waanze kuuliza.